Kuteuliwa siyo kufika: Funzo la Hasheem Thabeet kwa wazazi



Tarehe 25 Juni, 2009, mjini New York, jina la kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, lilitajwa la pili katika uteuzi wa wachezaji chipukizi wanaoingia ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA. Aliyemtangulia alikuwa Blake Griffin peke yake. James Harden alitajwa baada yake, na Stephen Curry, ambaye leo hata watoto wetu wanamjua, alikuwa wa saba. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika hapo kabla yake. Tulifurahi, na ilikuwa haki yetu kufurahi.

Miezi minane baadaye, Februari 2010, timu yake ya Memphis Grizzlies ilimpeleka kwa muda Dakota Wizards, timu ya ligi ndogo ya kulea wachezaji. Hadi siku hiyo hakuna mchezaji aliyeteuliwa juu kiasi kile aliyewahi kushushwa huko. Msimu ulipomalizika, ilionekana kwamba alikuwa akipewa wastani wa dakika 13 katika mchezo wa dakika 48, na kufunga wastani wa pointi tatu tu.

Hapo ndipo ndimi zetu zilipogeuka. Wale wale waliokuwa wakisema "kijana wetu" wakaanza kusema "yule mrefu". Barazani ikasikika methali ya aliye juu mngoje chini. Nakiri kwamba nami nilicheka pamoja na wenzangu, na kwa ajili hiyo ninaandika leo.

Tujiulize kwanza: kwa nini hakupata dakika? Wengi wetu tulihukumu bila kuuliza. Thabeet alianza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka kama 15. Alipoteuliwa alikuwa na miaka 22. Kwa hiyo alikuwa na takriban miaka saba ya mchezo, akiwa miongoni mwa watu walioudundisha mpira tangu utotoni. Aliteuliwa kwa sababu ya urefu wake wa zaidi ya mita 2.2, na kwa kazi aliyoifanya katika Chuo Kikuu cha Connecticut, ambako alitajwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi ya vyuo ya Big East mwaka 2008 na tena 2009. Waliomchagua walinunua kile walichotaraji kwamba angekuwa baadaye.

Jambo la pili ni kanuni za mchezo. Huko chuoni aliweza kusimama chini ya goli na kuzuia kila mpira uliorushwa. Katika NBA, beki haruhusiwi kukaa katika eneo hilo kwa zaidi ya sekunde tatu ikiwa hamkabili kwa karibu mpinzani yeyote. Katika mpira wa vyuo kanuni hiyo haimo. Maana yake ni kwamba silaha yake kubwa ilimlazimu kujifunza upya namna ya kuitumia, mbele ya watu wenye nguvu na uzoefu kumshinda.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi. Nafasi aliyoitaka ilikuwa na mwenyewe. Marc Gasol wa Hispania alikuwa ameteuliwa wa 48 mwaka 2007, tena na timu nyingine, na kwa hesabu ya uteuzi hakuwa kitu mbele ya Thabeet. Lakini alikuwa amekomaa katika ligi za kwao, na uwanjani hakuna aliyeuliza namba yake. Timu iliyoshinda michezo 24 katika msimu wa kabla ya Thabeet kufika ilishinda 40 katika msimu wake wa kwanza. Ni kocha gani atakayemwondoa mtu anayemletea ushindi ili amridhishe aliyeandikwa wa pili katika orodha? Mwaka 2013 Gasol huyo huyo alitajwa mchezaji bora wa ulinzi wa NBA nzima.

Atakuwepo msomaji atakayesema: kijana yule alikuwa mtu mzima, alilipwa fedha nyingi, na anayelipwa hukosolewa. Hoja hiyo ina ukweli. Kusema kwamba mchezaji fulani hajui kujipanga au ana faulo nyingi ni kukosoa kazi yake, na kazi hukosolewa. Lakini sisi tuliifanya fedheha yake kuwa burudani ya jioni, kana kwamba alitukosea kwa kutotimiza ahadi ambayo hakuitoa yeye. Namba mbili hakujipa. Walimpa watu, kwa matumaini yao, kisha wakamdai.

Wala tusidanganyane kwamba kila anayesubiri hupata kile kile alichokisubiri. Thabeet aliuzwa Houston mwaka 2011, akapita Portland, akamalizia NBA akiwa Oklahoma City mwaka 2014. Nafasi ya kudumu hakuipata. Hata hivyo hakuacha kazi yake. Aliendelea kucheza, Japani na baadaye Taiwan, miaka mingi baada ya waliomcheka kudhani kwamba habari yake imekwisha. Subira siyo mkataba unaotudhamini malipo tunayoyataka sisi. Ni kushika wajibu wako siku ambayo hakuna anayekupigia makofi, na rizki kumwachia Mwenye kuigawa.

Kwa nini nayaleta haya katika ukurasa wa familia? Kwa sababu benchi lile limo majumbani mwetu. Hivi karibuni, baada ya sala ya Ijumaa, mzee mmoja alinieleza kuhusu mwanawe aliyekuwa wa kwanza katika shule yake ya msingi. Mtaa mzima ulipika na kula. Akachaguliwa kwenda sekondari ya wenye vipaji, na huko, miongoni mwa waliokuwa wa kwanza makwao, akawa wa 38 darasani. Alipokuja likizo, baba alimwambia neno moja: "Umeniaibisha." Tangu siku hiyo kijana hatoki nje mchana, asije akaulizwa na majirani. Mzee aliniuliza afanye nini. Nilimjibu kwa kumsimulia habari za Thabeet na Gasol.

Ndugu zangu wazazi, mtoto anapoteuliwa, tumshukuru Mwenyezi Mungu, kisha tumweleze mapema kwamba mlango umefunguliwa tu na kazi bado. Tumwambie kwamba atawakuta waliomtangulia, na kwamba kukaa nyuma yao akijifunza hakuna aibu. Akirudi na namba ndogo, tusimuulize kwanza amekuwa wa ngapi. Tumuulize anasoma vipi, nani anamsaidia, na wapi panamshinda. Na majirani wakiuliza, baba awe wa kwanza kumsitiri mwanawe.

Mzee yule alinipigia simu juzi. Aliniambia alimwita kijana, akamwomba radhi, kisha wakatoka pamoja mchana kwenda msikitini, mkono kwa mkono, wakipita katikati ya baraza. Matokeo ya muhula ujao hayajulikani. Lakini kijana ametoka nje.

Wabillahi tawfiq.