VIPIMO HUZAA UZURI

Askari ajuaye uzuri wa gwaride lililopangwa sawasawa haelezwi kwamba vipimo huzaa uzuri. Wazee wa Buganda walilijua hilo mwaka 1882 walipojenga nyumba kuu ya Kasubi, ambamo Makabaka wanne wamezikwa. Ni duara, umbo la kiota cha ndege. Na kwa urefu ule ule wa ukuta, hakuna umbo lizingiralo nafasi kubwa kuliko duara. Paa lake lina pete 52, hesabu ya koo za Baganda. Moto wa Machi 16, 2010 uliiteketeza, na kuirejesha kukachukua zaidi ya miaka 10. Basi sisi tushikao lindo hatuna budi kutambua kwamba hapo hatulindi nyasi na miti tu, bali akili ya wazee wetu.