Viza ya Ulaya: Kampala Iko Karibu, Kinshasa Iko Mbali

Kwa mkaaji wa Butembo au Beni, katika jimbo la Kivu Kaskazini mashariki mwa Kongo, anayetaka kwenda Ubelgiji au Ufaransa kwa ziara fupi, ada ya viza ni sehemu ndogo tu ya gharama. Viza ya Schengen, yaani kibali cha kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180 katika nchi za mkataba uliotiwa saini mwaka 1985 kwenye kijiji cha Schengen, Luxembourg, hutozwa yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, nazo hazirudishwi hata ombi likikataliwa. Mzigo mkubwa ni kuifikia meza ya kuombea: mwombaji wa mara ya kwanza hulazimika kufika mwenyewe atoe alama za vidole, na maombi ya nchi nyingi hupokelewa katika Kituo cha Viza cha Ulaya kilichoko Kinshasa, ng'ambo ya pili ya nchi. Tangu Goma ilipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wake wa ndege kufungwa, njia iliyozoeleka ya kwenda Kinshasa imekatika, na aliyefanikiwa kufika hungoja jibu kwa siku 15, ambazo zaweza kuongezwa hadi 45.

Masharti yenyewe yanaeleweka. Pasipoti iwe imetolewa katika miaka 10 iliyopita, ibaki halali miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya matibabu ifikie yuro 30,000. Na pawepo uthibitisho wa fedha za safari, au hati ambayo mwenyeji wa Ubelgiji husaini kukubali kubeba gharama za mgeni wake, ambayo Wakongomani huiita kwa Kifaransa prise en charge. Sharti gumu ni la kuonyesha kwamba msafiri atarudi kwao. Biashara ya Butembo, ambayo mali yake hutoka Dubai na Guangzhou ikapitia Mombasa na Kasindi kwenye mpaka wa Uganda, imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya uaminifu wa ndugu na mikopo ya maneno, kwa hiyo mtu aliyefungwa na mji wake kwa nyumba, depo na madeni anaweza kuonekana, kwenye karatasi za benki, kama mtu asiye na kitu cha kumrudisha.

Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 inataka mtu aombe katika nchi anakokaa kisheria, lakini kifungu chake cha 6 kinaruhusu ubalozi kupokea ombi la mtu aliyeko kihalali katika nchi asiyokaa, iwapo ana sababu ya kutosha. Mpaka wa Kasindi uko kilomita takriban 80 kutoka Beni, kwa barabara isiyokosa hatari, na tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Uganda imeondoa ada ya viza kwa Wakongomani. Vita na kufungwa kwa uwanja wa ndege ni sababu ya kutosha, kwa kipimo chochote, ya kuombea viza Kampala, mji mkuu wa Uganda.

Huenda balozi za Ulaya zilizoko Kampala zikajibu kwamba hazina ujuzi wa kuhakiki hati za Kongo, lakini nchi za Schengen zina hifadhidata moja ya viza, na Kinshasa inaweza kuulizwa. Sheria ya mwaka 2023 ya kuhamishia maombi kwenye intaneti haitaliondoa tatizo hili, kwa kuwa alama za vidole za mara ya kwanza zitaendelea kutolewa ana kwa ana. Hata hivyo alama hizo hutumika tena kwa miezi 59, hivyo safari moja ya Kampala ingemtosha mtu karibu miaka mitano. Serikali ya jimbo, ambayo sasa makao yake yako Beni, ina wajibu wa kuipeleka hoja ya kifungu cha 6 kwa maandishi, kwa sababu nafasi hiyo hutolewa kwa anayeeleza sababu, na mpaka sasa kila msafiri ameachiwa aieleze peke yake.