MPAKA WA BONDE TUUPIME WENYEWE



Siku hizi kwenye kila mazungumzo ya mashamba linatajwa neno "ardhioevu". Ni nini hiyo? Ni bonde letu hili hili, tope tunalolima mpunga. Wapo wenye hofu, wanasema ati bonde likishachorwa kwenye ramani litachukuliwa. Sisi tunasema siyo. Bonde lisilo na mpaka ndilo linaloliwa: leo kiwanja, kesho mfereji, mwisho halipo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto. Vizuri. Lakini bonde halifuati kamba. Pengine linaishia karibu, pengine linapita hadi nyuma ya mashamba. Basi lazima tujue kulisoma, kama tulivyosoma herufi katika kisomo cha watu wazima.

Alama ni tatu. Ya kwanza ni maji. Kiangazi hayaonekani, basi tazama mstari wa tope kwenye magogo ya miti na takataka zilizonasa vichakani. Ya pili ni mimea: matete, mafunjo, ukangaga. Ya tatu ni udongo. Chimba shimo la sentimita 50. Ukikuta udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, hasa kandokando ya mizizi, ujue hapo maji hukaa muda mrefu. Mtu akifyeka matete, udongo bado utatoa ushahidi. Ila udongo mweusi wa mbuga hudanganya, kwa sababu weusi wake huficha madoa. Kwa hiyo alama moja haitoshi.

Kazi yenyewe haina uchawi. Anzia penye maji, tembea kwenda pakavu, chimba kila baada ya hatua kadhaa. Alama zinapokwisha, piga kigingi. Rudia mstari mwingine, kisha unganisha vigingi, chora kwenye karatasi. Vijana wenye simu waandike vipimo vya kila kigingi. Wazee waseme maji yaliwahi kufika wapi.

Na wafugaji waitwe, siyo kupelekewa habari baadaye. Desemba 2000 watu wengi waliuawa Rudewa Mbuyuni, wilaya hii hii ya Kilosa, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mpaka uliopimwa na upande mmoja ni mbegu ya ugomvi.

Tusisahau pia Januari 2014. Mto Mkundi ulifurika, ukaharibu daraja la Dumila, njia ya Morogoro na Dodoma ikakatika, na watu wa Dumila na Magole wakapoteza nyumba na mali. Bonde ni mahali pa maji kupumzika. Tukilijaza nyumba, maji yatapumzika vitandani mwetu.

Maoni yetu ni haya: ndani ya mpaka mpunga ulimwe kwa msimu, ila pasijengwe nyumba wala kuchimbwa mifereji ya kukausha bonde. Ramani ipelekwe Mkutano Mkuu wa Kijiji, iingie katika mpango wa matumizi ya ardhi kwa Sheria ya 2007. Atakayekuja baadaye na karatasi yake atatukuta na yetu.

Wenye jembe na kamba wajiandikishe ofisi ya ushirika kabla ya masika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Katibu wa Chama, Kijiji