Ng'ombe anakonda huku tumbo limejaa: mfuko wa plastiki unakwama wapi?

Kiangazi kikikaza Musoma, Bunda na Butiama, nyasi huisha na ng'ombe huanza kuokota chochote kandokando ya masoko na barabara. Msikilizaji, kipindi hicho ndicho mfugaji hushangaa kuona mnyama ana tumbo kubwa lakini mbavu zinahesabika.

Tuanzie ndani ya mnyama mwenyewe. Mbwa na nguruwe wana tumbo la chumba kimoja, kama sisi. Punda pia, ila majani yake huchachushwa huko nyuma, kwenye utumbo mpana. Ng'ombe, mbuzi na kondoo, ambao hucheua, wana vyumba vinne.

Cha kwanza ndicho kikubwa kuliko vyote. Kwa ng'ombe wa umbo kubwa kinaweza kubeba zaidi ya lita 100. Ni kama pipa la pombe ya kienyeji: vijidudu vilivyomo huvunja majani, gesi hutoka kwa kubeua, na majani magumu hurudi mdomoni yakatafunwe upya. Cha pili kina vishimo kama sega la nyuki. Misumari na vipande vya waya hukwama humo, na kwa kuwa kiko jirani na moyo, waya unaweza kutoboa mpaka huko. Cha tatu kina kurasa kama kitabu, na mlango wake ni mwembamba, hupitisha kilicholainika tu. Cha nne hufanya kazi kama tumbo letu.

Mlango huo mwembamba ndio wenye kesi. Ng'ombe huzoa nyasi kwa ulimi na kumeza haraka, kutafuna baadaye. Mbuzi huchagua kwa midomo, ingawa naye hasalimiki. Mfuko uliobeba chumvi au mabaki ya chakula unanukia vizuri, hasa kwa mnyama mwenye upungufu wa madini. Ukishamezwa hauozi wala hausagiki, kwa hiyo haupiti. Mingine huongezeka juu yake mpaka linakuwa donge, na nafasi ya majani inapungua kila wiki.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Juni 1, 2019, na anayekutwa nayo hutozwa faini isiyopungua shilingi 30,000. Zuio hilo lilisaidia. Lakini vifungashio vya chakula viliachwa, na vile vyepesi vinavyoonyesha ndani vikageuzwa mifuko ya kubebea sukari, karanga na dagaa. NEMC imeshakataza matumizi hayo. Kwa maoni yetu, kumkamata mama muuza karanga hakutoshi wakati dampo la soko halina uzio na ng'ombe wanaingia watakavyo. Halmashauri zianzie hapo.

Kwa familia nyingi za Mara ng'ombe mmoja ni ada ya shule au mahari. Wapo wanaomwaga fedha kwenye dawa za minyoo mnyama akizidi kukonda, na donge likaonekana machinjioni.

Mpigie ofisa mifugo wa kata mapema ukiona mnyama anakula kidogo, hacheui, kinyesi kimepungua, au ubavu wa kushoto umevimba na kurudi mara kwa mara. Hakuna dawa ya kuyeyusha plastiki. Daktari wa mifugo anaweza kupasua ubavu huo na kulitoa donge, ila mnyama awe bado ana nguvu za kusimama.