Mzuka wa Mchezoni na Hirizi ya Mkononi

Ndugu Waislamu, katika mchezo wa Pokémon, uliotoka Japani mwaka 1996, yumo mzuka aitwaye Gengar: mnene, mwenye macho mekundu na kicheko kipana, ajifichaye katika vivuli na kufurahia hofu za watu. Mwaka 2001 wanazuoni wa Saudi Arabia waliuharamisha mchezo huo, na kamari ilikuwa miongoni mwa hoja zao. Hoja hiyo tunaielewa: mtoto anayemaliza fedha kwa kadi na azuiwe.

Lakini tunawauliza wazazi wa Mazimbu wanaowanyang'anya watoto simu kwa kudai kuwa Gengar ni jini: hirizi iliyo mkononi mwa mtoto huyo huyo ameifunga nani? Mtoto anajua kuwa Gengar ni mchoro. Akizima simu, mzuka umekwisha. Hirizi haizimwi. Usiku na mchana inamfundisha kumtegemea asiyekuwa Allah.

Na hofu hiyo huua. Mwaka 1995, Popobawa alipovuma Pemba na Unguja, watu walikesha nje kwa makundi, na mjini Zanzibar mgonjwa wa akili aliuawa kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Hakuuawa na mzuka. Aliuawa na watu walioogopa mzuka.

Basi mzazi anayetaka kuilinda tauhidi ya mwanawe aanze na mkasi: aikate hirizi. Kisha amfundishe Ayatul Kursiyy pamoja na maana yake. Hapo ndipo mazungumzo ya simu yatakuwa na uzito.

Wabillahi tawfiq.