Mwanafunzi wa Miaka 57



Mama mmoja mwenye wajukuu, msomaji wa ukurasa huu, ameniuliza iwapo ni aibu kwa mtu wa umri wake kuanza kujifunza jambo ambalo wenziwe walilianza wakiwa watoto. Hakulitaja jambo lenyewe, nami sikumdadisi. Nitamjibu kwa habari ya dada yangu aliyeolewa Unguja, ambaye mwaka jana, akiwa na miaka 57, alianza kujifunza chelo.

Chelo, kwa asiyeijua, ni ndugu mkubwa wa fidla. Haiwekwi begani, husimama sakafuni juu ya kijiti cha chuma, ikaegemea kifua cha mpigaji aliyeketi, na hupigwa kwa upinde wa singa za farasi. Ina nyuzi nne, na sauti yake ni nzito, karibu na sauti ya mwanamume. Si kitu kigeni katika mwambao wetu, kwani vikundi vikubwa vya taarab vya Unguja, vilivyofuata mtindo wa Misri, huipiga pamoja na udi, kanuni na fidla.

Najua wapo watakaoshtuka kuyasoma haya kwa kalamu yangu. Masheikh walionisomesha walifuata kauli mashuhuri katika madhehebu ya Imamu Shafi, kwamba ala za nyuzi hazifai, na kauli hiyo ndiyo ninayoishika. Ibn Hazm wa Andalusi aliona vingine. Dada yangu anazijua kauli zote mbili, ni mtu mzima, na mimi si kadhi wake. Atakaye darsa la fiqhi anikute msikitini baada ya Isha. Hapa nazungumzia nyumba.

Miezi ya mwanzo ilikuwa mizito. Upinde ukiwa katika mkono usiozoea hutoa mlio kama wa bawaba iliyoshika kutu, na ncha za vidole huuma mpaka ngozi ikomae. Hayo aliyavumilia. Lililomwelemea ni kicheko. Mjukuu aliuliza ni nani aliyemkanyaga paka, wakubwa wakacheka, na mwanawe wa kwanza akamwuliza, kwa adabu kabisa, watu watasemaje. Chelo ikavishwa kanga na kusimamishwa nyuma ya kabati wiki tatu.

Aliyeitoa ni shemeji yangu, mtu asiyejua taarab wala asiyeipenda. Alisema tu kwamba kila siku baada ya Alasiri yeye atawachukua wajukuu barazani, na mkewe aachwe mpaka Magharibi ikaribie. Lakini saa ya mtu nyumbani haianguki kutoka mbinguni. Hukatwa katika saa za mwingine. Hii ilikatwa kwa mkaza mwana wake, aliyebaki peke yake na moto, nazi na samaki. Kwa bahati njema dada yangu aliliona hilo kabla ya kuambiwa. Sasa asubuhi tatu kwa wiki yeye hukaa na kitoto kichanga, na mkaza mwana huenda kuimalizia tajwidi yake aliyoikatisha alipoolewa. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko chelo yenyewe.

Mwalimu wake ni kijana, rika la mwanawe wa mwisho. Humwamkia shikamoo mlangoni, kisha hana budi kumwambia kwamba amekosea, na mwanzoni alishindwa. Dada yangu alimwambia, "Mwanangu, ukinistahi kwenye hili utanidhulumu." Tangu hapo yeye humwita mwalimu, naye huitwa mama, na makosa husahihishwa.

Kuna jambo aliloniambia kijana huyo ambalo sikulitarajia. Shingo ya chelo haina alama za kuonyesha pa kubonyeza, kama ilivyo gitaa. Kidole hutafuta mahali pake kwa msaada wa sikio. Na maqamu kama Bayati huhitaji sauti iliyo baina ya funguo mbili za piano zilizopakana, ambayo piano haiwezi kuitoa. Vijana wengi humchukua muda kuifunza. Dada yangu aliipata upesi, kwa kuwa ameisikia katika visomo na kasida kwa zaidi ya nusu karne. Mkono wake ni mzito, lakini sikio lake halikuanza jana. Samaki mkunje angali mbichi ni methali ya malezi. Watu huitwisha mzigo usio wake wanapomtolea mtu mzima anayeshika kalamu.

Imamu Bukhari, katika mlango wa elimu wa Sahihi yake, anakumbusha kwamba masahaba wa Mtume (SAW) walijifunza wakiwa watu wazima. Na al-Qaffal al-Marwazi, mmoja wa mafakihi wakubwa wa Kishafi, inasimuliwa kwamba alikuwa fundi wa makufuli mpaka alipotimiza miaka 30 hivi ndipo akaelekea kwenye vitabu.

Basi mama yangu, aibu haipo. Ichague saa yako, uitaje mbele ya watu wote wa nyumba, na umwulize atakayeubeba mzigo wako ni saa ipi aitakayo yeye. Wajukuu watacheka kidogo. Waache, ila wakubwa wasiwasaidie. Na lau jambo lenyewe ni kusoma Qur'ani kuanzia alifu, kama ninavyodhani, niandikie tena, nikuelekeze kwa mwalimu wa kike asiye na haraka.

Wabillahi tawfiq.