Daktari wa Moyo Aliye Mbali: Kaliua Inatufundisha Nini?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Ndugu zetu katika imani, wazee wetu wa Unguja waliifahamu njia ya Unyanyembe. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora misafara ilikwenda kwa miguu kiasi cha miezi mitatu. Kaliua iko magharibi ya Tabora, pale reli ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma. Leo mgonjwa wa moyo aliyeko huko yuko zaidi ya kilomita 900 kutoka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015. Nauli, malazi na mtu wa kumsindikiza huweza kumaliza akiba ya familia kabla mgonjwa hajaonwa na daktari. Ndugu zetu wa Pemba wanaovuka bahari kutafuta bingwa wanaujua mzigo huo.

Ndiyo maana tiba mtandao si jambo la kupuuzwa. Kipimo cha umeme wa moyo, ECG, huchukua dakika chache. Kikitumwa, bingwa hukisoma akiwa mbali, akamwambia daktari wa wilaya: huyu mtibuni hapo hapo, huyu mleteni leo. Mwenye presha naye hujipima nyumbani na kupeleka namba zake kwa simu, asisafiri bila ya haja.

Lakini tusidanganyane. Simu haizibui mshipa wa moyo ulioziba. Anayebanwa na kifua na kutoka jasho jembamba akimbizwe hospitali, asikae kusubiri ajibiwe ujumbe. Na mashine isiyo na umeme, mtandao, mtumishi aliyefunzwa wala dawa kabatini ni pambo tu. Viongozi wanapotuonesha mashine mpya, tuwaulize hayo manne.

Kisharia tunaona mambo matatu.

Kwanza, kutafuta tiba ni katika mafundisho ya Mtume (SAW), na masafa hayabadilishi hilo. Daktari mjuzi na mwaminifu, aliyeona vipimo na kuijua hali ya mgonjwa, akimwambia kuwa saumu itamdhuru, ushauri wake unatosha, hata kama hawajakutana ana kwa ana. Anayetarajia kupona atalipa siku zake. Asiyetarajia atatoa fidia.

Pili, siri ya mgonjwa ni amana. Vipimo na picha za mwili wa mama yetu viende kwa daktari, visipitie kundi la WhatsApp la ukoo, na kionekane kile tu ambacho tiba inakihitaji. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Muislamu alikuwa na wajibu huo kabla yake.

Tatu, anayetibu bila ya kuujua utabibu hubeba dhamana ya madhara anayoyaleta. Wauzaji wa "dawa ya moyo" wa mitandaoni walikumbuke hilo, na mgonjwa asiache vidonge vyake kwa maneno yao.

Misikiti yetu haishindwi kununua mashine moja ya presha, kuwafundisha vijana wawili kuitumia, na kuweka fungu la nauli kwa yule ambaye bingwa amesema lazima asafiri. Hiyo ni sadaka yenye kuendelea.

Wallahu a'alam.